Breki za tela la boti: anzia kwenye tairi, siyo mbele

Tela la boti likianza kusumbua breki, wenye boti wengi hukimbilia mbele, kwenye kichwa kinachoshika gari. Huko ndiko kunakofikika bila jeki, na nati iko wazi. Mtu anashika spana, anakaza fimbo ya breki mpaka tela linakamata, anamshukuru Mungu, anaondoka. Kwa siku chache linakamata kweli. Halafu tairi moja linaanza kunuka moto, la pili linazunguka tu, na gari likipunguza mwendo kwenye mteremko boti inalisukuma kwa nyuma mpaka dereva anatokwa jasho.

Mimi ni fundi wa breki hapa Tanga. Nilifundishwa na mjomba wangu kwenye malori ya kubebea mkonge, na siku hizi kazi yangu kubwa ni matela ya boti zinazoshushwa Raskazone, Sahare na Kigombe. Kila anayeniita, awe mvuvi mwenye boti ya faiba au mtu wa kupeleka wageni visiwani, namwomba jambo moja: utafute ugonjwa kuanzia kwenye tairi, umalizie mbele. Ukikaza mbele kabla hujafungua dramu, lile bakuli la chuma ndani ya tairi ambamo breki zinabana, unauficha ugonjwa, nao unaendelea kula chuma ndani kwa ndani.

Zinavyofanya kazi

Pedali ya gari haina uhusiano wowote na breki za tela. Dereva akikanyaga breki, gari linapunguza mwendo lakini tela bado lina kasi yake, kwa hiyo linalisukuma gari. Kwa msukumo huo kichwa cha tela kinarudi nyuma, shafti inayokishika inaingia ndani ya mkono wa tela, na hiyo shafti ndiyo inayobana breki. Kwenye matela mengi yaliyotoka Ulaya, shafti inavuta fimbo ya chuma, fimbo inavuta nyaya, na nyaya zinatanua breki shuu, vile vipande vya chuma vilivyopinda, mpaka vibane dramu kwa ndani. Kwenye mengi yaliyotoka Marekani, shafti inasukuma masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki, na mafuta hayo ndiyo yanayokwenda mpaka kwenye tairi kusukuma silinda ndogo inayotanua breki shuu.

Inama utazame chini ya tela lako. Ukiona waya mnene wenye gamba jeusi unaoingia nyuma ya tairi, hilo ni la waya. Ukiona paipu nyembamba ya chuma inayoishia kwenye kipande cha mpira, hilo ni la mafuta. Yapo pia yenye breki za umeme, ila kwa boti ya baharini mimi siyashauri, maana chumvi inakula waya wa ethi na sumaku zilizomo ndani ya dramu.

Kuna watu wanaong'oa breki kabisa wakisema Hilux au Land Cruiser yao ina nguvu za kutosha. Nguvu ya kuvuta ni jambo moja, kusimamisha ni jambo jingine. Ulaya, tela likizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake ni lazima liwe na breki, na breki hizi za kusukumwa zinaruhusiwa mpaka kilo 3,500. Boti ya faiba ya futi 20 ikiwa na injini, nanga, barafu na madumu ya petroli inazivuka hizo kilo 750 bila shida. Usizing'oe breki. Zitengeneze.

Bahari inavyoziharibu

Magari ya barabarani breki zao zinaisha kwa kutumika. Za tela la boti zinakufa zikiwa bado nene, kwa sababu ya maji ya chumvi na kukaa bila kutembea. Unashusha boti, maji yanaingia ndani ya dramu, unalivuta tela juu na kuliegesha chini ya mkungu. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Kutu inaota kwenye dramu, kwenye springi, kwenye pistoni ya silinda, na hasa kwenye bati la breki shuu chini ya lainingi, ule utando mnene unaosugua dramu. Ile lainingi imegandishwa tu kwenye bati. Kutu ikiota katikati inaibandua polepole, na siku moja lainingi nzima inaachia na kujikunja ndani ya dramu. Hapo tairi linaweza kujifunga ukiwa barabarani.

Jambo la pili ni joto. Umetoka Muheza na boti, habu (vitovu vya tairi, mnamokaa beringi) zimechemka, unafika ufukweni na kurudisha tela majini hapohapo. Chuma cha moto kikipoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Ukifungua baadaye utakuta grisi imekuwa na rangi ya tui la nazi. Grisi hiyo haifai tena, na beringi zake ziko njiani kufa. Subiri habu zipoe kwanza, angalau nusu saa. Fungua kamba za boti, panga vyombo, kunywa chai.

Kabla ya kufungua chochote

Fanya kazi kwenye zege au ardhi ngumu. Kwenye mchanga jeki inazama, na tela lenye boti juu yake likianguka halichagui mtu. Liache tela limefungwa kwenye gari, gari liwe kwenye hendibreki, weka magogo mbele na nyuma ya tairi usilolinyanyua, kisha nyanyua na uweke stendi chini ya ekseli. Usiingize mkono nyuma ya tairi linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kama boti inaweza kubaki majini siku ya kazi, bora zaidi, utashughulika na tela tupu.

Sasa lisikilize kwanza. Livute tela kama kilomita 10 kwa mwendo wa kawaida, ukifunga breki hapa na pale, kisha simama taratibu. Kutoka mjini kwenda Pongwe panatosha. Shuka upitishe mgongo wa mkono karibu na kila habu, usiguse moja kwa moja kwanza, maana linaloungua litakuunguza kweli. Habu zikiwa na uvuguvugu unaolingana, breki zinafanya kazi sawasawa. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, ama breki haiachii ama beringi inakufa. Moja ikiwa baridi kabisa wakati nyingine zina joto, hiyo baridi haifungi breki, na wenzake wanabeba kazi yake. Watu huogopa la moto tu, lakini la baridi ndilo linalofanya tela livute upande mmoja ukifunga breki za ghafla.

Nyanyua tairi la moto. Lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, au ukilizungusha ukasikia sauti ya kusaga, tazama beringi kwanza. Likiwa imara lakini zito kuzunguka, au linazunguka likakwama mahali pamoja kila mara, ugonjwa uko kwenye breki.

Kufungua dramu

Dramu iliyoshikwa na kutu haitoki kwa kupigwa katikati. Legeza kwanza marekebisho ya breki shuu, kitobo chake kiko nyuma, kwenye bati la breki, lile linaloziba dramu kwa nyuma, na kwa kawaida kina kizibo cha raba. Kisha gonga ukingo wa dramu kuzunguka, pande zote, kwa nyundo ya wastani. Ikikataa, weka mafuta ya kulegeza nati, uiache ilale. Dramu nyingi za matela ya boti zimeungana na habu, kwa hiyo utatoa kofia ya grisi, pini na nati ya katikati, na beringi ya nje itakuja mkononi. Itandikie kitambaa safi. Mchanga wa ufukweni ukiingia kwenye beringi umejitafutia kazi nyingine.

Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Limwagie maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe kitambaa.

Sasa tazama kwa macho na kwa kucha. Pitisha kucha kwenye ukingo wa lainingi, pale inapokutana na bati. Ukucha ukiingia, lainingi imeanza kubanduka, hata kama bado ni nene na nzuri kwa kuitazama. Hiyo haina rekebisho. Ukiona lainingi imelowa mafuta ya breki au grisi, nayo imekwisha. Wapo wanaoichoma kwa petroli ili ikauke, lakini mafuta yameshaingia ndani na yatatoka tena ikipata moto. Breki shuu hubadilishwa za tairi la kushoto na la kulia pamoja kwenye ekseli moja, hata kama upande mmoja bado mzuri, la sivyo tela litavuta upande.

Zikunje kidogo raba za silinda uangalie chini yake. Ukikuta unyevu wa mafuta, silinda inavuja. Ukikuta unga wa kutu, pistoni imeanza kuganda. Silinda ya chuma iliyolika na chumvi kuisugua kwa msasa ni kupoteza muda, raba mpya itavuja tena baada ya muda mfupi. Nunua silinda mpya. Springi zilizokonda kwa kutu zitoe zote. Ni spea ya bei ndogo, ila ikikatika inaingia katikati ya breki shuu na dramu.

Kwenye matela ya Kimarekani angalia mpangilio wakati wa kurudisha: breki shuu yenye lainingi fupi inaelekea mbele ya tela, yenye lainingi ndefu inaelekea nyuma. Zikigeuzwa, breki inakuwa dhaifu na utahangaika kutafuta upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, ambao haupo. Piga picha kwa simu kabla hujatoa chochote.

Tairi linaloungua na sababu haionekani

Hapa ndipo watu wanapotupa hela, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mzee mmoja, nahodha wa siku nyingi, aliniletea tela la breki za mafuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hili tairi la kulia linaungua. Nimebadilisha beringi, nimebadilisha breki shuu, bado linaungua tu."

"Likipoa linaachia?"

"Jioni limekaza. Likilala, asubuhi linazunguka lenyewe."

Jibu hilo lilitosha kuniambia pa kutazama. Kitu kilichoganda kwa kutu hakijiachii usiku. Kinachojiachia polepole ni mafuta yaliyobanwa na kukosa njia ya kurudi. Tulinyanyua tairi, nikasukuma kichwa cha tela ndani kisha nikakivuta nje mpaka mwisho. Tairi likabaki limekaza. Nikafungua nipo ya kutolea upepo nyuma ya tairi: mafuta yakaruka, na hapohapo tairi likaachia.

Kumbuka kipimo hiki. Ukifungua nipo na tairi likaachia, breki zenyewe hazina kosa, kuna kitu huko juu kinachozuia mafuta yasirudi. Ukifungua nipo na tairi likabaki limekaza, tatizo lipo kwenye tairi lenyewe: pistoni imeganda, breki shuu zimekazwa kupita kiasi, au lainingi imejikunja.

Kama limeachia, funga nipo, sukuma kichwa tena ili tairi likaze, kivute nje mpaka mwisho, kisha legeza nati ya paipu pale inapotoka kwenye masta silinda. Tairi likiachia sasa, masta silinda hairudi nyuma vizuri, au shafti haitoki mpaka mwisho kwa sababu ya kutu. Tairi likibaki limekaza, mafuta yamezuiwa katikati ya njia, na mara nyingi ni ule mpira ulio mwisho wa paipu.

Mpira wa babu kwa nje ulikuwa mzuri, haukuwa na mpasuko. Niliukata kwa kisu mbele yake. Ukuta wa ndani ulikuwa umevimba na kubanduka, umeacha njia ndogo kiasi kwamba ukiutazama kuelekea juani huoni mwanga. Shafti ikisukuma, mafuta yalipita kwa nguvu. Yakitakiwa kurudi hayana nguvu ya kuyarudisha, ile nyama iliyobanduka inaziba njia. Tela lake lilikuwa na mpira wa peke yake kwa kila tairi, ndiyo maana liliungua moja. Mengine yana mpira mmoja kwa ekseli nzima, na hapo ungeona matairi yote mawili yanachemka. Alihitaji mpira mmoja tu, beringi zile alizozitoa hazikuwa na kosa lolote.

Kwa tela la waya, kipimo chake ni rahisi zaidi. Chomoa waya upande wa mbele, uvute na kuurudisha kwa mkono. Unatakiwa uteleze na kurudi kwa springi za breki shuu. Ukivutika kwa taabu, au ukivutika usirudi, ndani ya gamba mna kutu. Kuumwagia oili ya injini kutakupa wiki moja ya matumaini. Badilisha waya, na ukibadilisha mmoja badilisha na mwenzake.

Breki hazishiki

Tela likiwa la mafuta, fungua kifuniko cha masta silinda utazame. Mafuta mazuri ni angavu, ya manjano hafifu. Yakiwa ya kahawia au yana ukungu yameshaharibika. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa maji, hata unyevu wa hewa yetu ya pwani tu unatosha, ndiyo maana chupa iliyofunguliwa miezi mingi iliyopita haifai kuongezea. DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7 inachemka kwenye nyuzi 140 tu. DOT 4 huanzia 230 na kushuka mpaka 155. Mafuta yakichemka kwenye mteremko yanageuka mvuke, mvuke unasinyaa ukibanwa, na breki zinapotea wakati unapozihitaji. Badilisha yote kila mwaka. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika, lakini DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo.

Mafuta yakiwa yamepungua, usijaze tu ukaondoka. Yamekwenda wapi? Fuata paipu kwa kidole kutoka mbele mpaka nyuma. Sehemu za wazi mara nyingi ni nzima. Paipu inatobokea pale inaposhikwa na kibanio kwenye chesesi, maana hapo chumvi na mchanga vinajificha. Toa kila kibanio uangalie chini yake. Ukiibadilisha, tafuta paipu ya shaba iliyochanganywa na nikeli, haishikwi na kutu. Shaba tupu inakuwa ngumu na kupasuka kwa mtikisiko wa barabara, hasa kwa anayekwenda vijijini kwenye njia za kokoto.

Shafti ikiingia ndani mpaka mwisho bila breki kushika, na mafuta yapo, ama breki shuu ziko mbali na dramu ama kuna upepo. Anza na kurekebisha breki shuu, kisha ndipo utoe upepo. Wengi hufanya kinyume, wanamaliza chupa mbili za mafuta bure.

Kurekebisha, kwa mpangilio

Kwa tela la waya, legeza kwanza fimbo ya mbele mpaka nyaya zote zilegee kabisa. Achia hendibreki ya tela. Nenda kwenye tairi la kwanza, lizungushe kwa mwelekeo wa kwenda mbele tu, huku ukikaza kirekebisho mpaka tairi liwe zito au lisimame. Kisha rudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke, ukisikia mguso mwepesi sana au usisikie kabisa. Nasema mwelekeo wa mbele kwa sababu matela mengi ya Ulaya yana breki zinazojiachia ukirudi nyuma, na ukilizungusha nyuma wakati wa kurekebisha utapata kipimo cha uongo. Fanya hivyo kila tairi.

Ukimaliza matairi yote ndipo uje mbele. Kaza fimbo mpaka ulegevu wa nyaya uishe, basi. Isivute. Tazama kile kipande kinachogawa mvuto kushoto na kulia: kinatakiwa kikae sawa. Kikiinama upande mmoja, rudi kwenye waya wa upande huo au kwenye tairi lake, kuna kitu hukukimaliza.

La mafuta ni vilevile kwa upande wa tairi, ila mbele hakuna cha kukaza. Hapo unatoa upepo, na mnahitajika watu wawili. Anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda. Vaa spana ya pete kwenye nipo, chomeka mpira mwembamba unaoona ndani, mimi natumia mpira wa dripu kutoka duka la dawa, na mwisho wa pili uzame kwenye mafuta safi ndani ya chupa. Mwenzako anasukuma masta silinda. Matela mengi yana kitobo cha kuingizia bisibisi nene kwa kazi hiyo. Anasukuma na kushikilia, wewe unafungua nipo, mafuta na mapovu yanatoka, unafunga, ndipo yeye anaachia. Msipishane: akiachia kabla hujafunga, mnavuta upepo ndani upya. Endeleeni mpaka mafuta yatoke bila povu hata moja, kisha tairi linalofuata. Angalia kopo la masta silinda kila baada ya misukumo michache, likikauka mnaanza upya kabisa.

Nipo iliyoganda usiilazimishe. Ikikatika ndani ya silinda, umenunua silinda. Ilowanishe mafuta ya kulegeza tangu jana yake, igonge kidogo kichwani, kisha ijaribu kwa spana ya pete, siyo ya mdomo wazi. Ikishafunguka, ivishe kofia yake ya raba.

Tela halirudi nyuma, au linagongagonga

Ukirudisha tela nyuma, kichwa kinasukumwa ndani vilevile kama unafunga breki. Kwa hiyo kila tela lina namna ya kuzuia hilo: ya zamani yana kipini au mkono wa kufungia shafti, ya Ulaya yana breki shuu zinazojiachia zenyewe, na mengi ya Marekani, hasa yenye diski, yana vali ya umeme inayopata umeme wake kutoka taa ya rivasi kupitia pini ya tano ya plagi. Likikataa kurudi, tambua kwanza lako ni la aina gani. Vali ya umeme, pima kama taa ya rivasi inafika kwenye plagi, pini zake zinaota kutu ya kijani. Breki za kujiachia zinakataa kama zimekazwa mno. Na ukiwa kwenye mchanga laini, huenda breki hazina kosa kabisa: matairi yamezama, gari linasukuma, shafti inaingia, breki zinashika, matairi yanazama zaidi. Usikanyage mafuta zaidi. Vuta mbele kidogo shafti itoke, tandika mbao chini ya matairi, rudi taratibu. Bora zaidi ni kuchagua maji. Siku za bamvua maji yakijaa yanapanda mpaka kwenye mchanga mgumu wa juu, huna haja ya kulishusha tela kwenye tope.

Tela likigongagonga gari kila ukifunga breki, tazama shokapu iliyomo ndani ya mkono wa tela. Sukuma kichwa ndani kwa nguvu: kinatakiwa kiingie kwa ugumu na kitoke polepole chenyewe. Kikiingia bila kupingwa, shokapu imekufa. Kisha nyanyua kichwa juu na chini, kikicheza sana bushi zimekwisha. Piga grisi kwenye nipo za kuingizia grisi za shafti mpaka ile ya zamani itoke. Na tela livutwe likiwa limelala sawa, kichwa kikiwa juu sana au chini sana shafti inabana njiani.

Baada ya bahari

Maji baridi, mengi, ndani ya dramu siyo juu ya matairi tu. Bomba la kuoshea linalopeleka maji nyuma ya bati la breki linafungwa mara moja na linadumu. Huna, tumia dumu na mpira, mimina kupitia kitobo cha kurekebishia huku mtu analizungusha tairi. Breki za diski ni rahisi zaidi kuosha, ila angalia pini ambazo kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski, inateleza juu yake, zikikauka pedi ya upande mmoja inaisha na ya pili inabaki mpya.

Ukimaliza kuosha, livute tela mwendo mfupi ukifunga breki mara kadhaa ili dramu zikauke. Wakati wa kuliegesha, usiliache kwenye hendibreki. Breki shuu zenye chumvi zikikaa zimebana dramu kwa mwezi mzima wa kusi, zinagandana nayo. Weka magogo chini ya matairi, achia hendibreki, na kila baada ya wiki chache mtu alivute hatua kadhaa mbele na nyuma.

Kama unasafiri mbali, mathalani kupeleka boti Bagamoyo kupitia Segera na Msata, simama Pongwe uguse habu zote na ukaze tena nati za matairi uliyoyatoa. Rudia Muheza, kisha Segera kabla hujakata kuelekea Msata. Habu iliyokuwa na uvuguvugu Pongwe na inaunguza Muheza usiifikishe Segera. Paki palepale, mwagia maji baada ya kupoa siyo kabla, na fungua nipo kama nilivyoeleza ujue uanzie wapi.